Mtoto anakamatwa akiwa na miaka 15, anahukumiwa akiwa na 19. Tuzungumzie ucheleweshaji wa kesi za vijana

#1 Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandalia mahakama taarifa za watoto wanaoshtakiwa kwa makosa ya jinai. Watoto hawa wakitajwa, mara nyingi tunazungumzia kipigo kituoni, kukosa wakili, kuwekwa selo moja na watu wazima. Yote ni mazito na yanastahili kupigiwa kelele. Lakini liko jambo linalopita kimya kwa kuwa haliachi alama mwilini, nalo ni tarehe. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, inaahirishwa tena, na kila aliyemo mahakamani anaona ni kawaida.

Kesi ya miaka miwili ni mzigo kwa yeyote. Kwa kijana wa miaka 15 ni zaidi ya mzigo, kwa sababu miaka hiyohiyo ndiyo anayogeuka kuwa mtu mwingine. Marafiki wanabadilika, namna ya kupima hatari inabadilika, hata uwezo wa kujizuia akiwa na hasira. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya kupanga na kujizuia ndiyo inayochelewa. Kwa hiyo siku ya hukumu unamkuta kizimbani mtu anayejibia mambo ya mtoto fulani aliyekuwa yeye zamani.

Kuna kesi moja sitaisahau (nimebadilisha mambo kadhaa ili kijana asitambulike). Alikamatwa pamoja na watu wazima wawili kwa tuhuma za kuvunja duka. Kwa kuwa waliunganishwa kwenye hati moja ya mashtaka, kesi yake ikawa inakwenda kwa mwendo wa wale wakubwa: leo wakili wa mmoja anaumwa, kesho mwingine hajaletwa kutoka mahabusu. Usikilizwaji ulipoanza, kijana alikuwa ameshaota ndevu. Mwenye duka akaulizwa kama yule mtoto anayemtaja yumo humo ndani. Akageuka, akatazama watu wote, akatazama tena, akamnyooshea kidole kijana mwingine aliyekuja kumsindikiza ndugu yake. Mshtakiwa naye alipoulizwa alikuwa wapi siku ile alinyamaza, kisha akasema hakumbuki siku hiyo ilikuwa lini. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa ameshindwa kujieleza.

Kumbukumbu ya mtoto haihifadhi tarehe na saa kama ya mtu mzima aliyezoea kalenda na miadi. Ukimuuliza ndani ya wiki moja atakwambia alikuwa wapi, na nani, na mechi gani ilikuwa inachezwa. Ukimuuliza baada ya mwaka na nusu, utetezi wake umeshayeyuka, hata kama ni wa kweli. Yule rafiki ambaye angemtolea ushahidi amehama. Picha za kamera za barabarani zimeshafutwa ili kupisha nyingine.

Halafu kuna lile ambalo Umoja wa Mataifa ulilisema tangu 1985, kwenye zile kanuni za haki kwa watoto zinazoitwa Kanuni za Beijing. Kanuni ya 20 inataka kila kesi ya mtoto iendeshwe haraka tangu mwanzo, na maelezo yake yanatoa sababu: kadiri muda unavyopita, mtoto anazidi kushindwa kuhusisha kesi na adhabu na kile alichotenda. Nimeliona kwa macho yangu. Kijana anapewa adhabu kwa jambo la zamani wakati ameshaacha lile kundi, amerudi shule na anasaidia nyumbani. Adhabu inakuja kubomoa kile alichojijengea mwenyewe. Yeye anachojifunza hapo ni kwamba hata ukibadilika, watakufuata tu.

Na walio mahabusu? Utafiti wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto walionyimwa uhuru, uliotolewa 2019, ulikadiria kwamba angalau watoto 410,000 hupita mahabusu na magerezani kila mwaka. Wengi wao hawajatiwa hatiani. Mtoto akikaa ndani akisubiri upelelezi, mwaka wa masomo unapita, na atakaporudi atakaa na wadogo zake darasani, aibu ambayo wengi hawaiwezi. Wapo wanaochoka na kukiri kosa ambalo hawakulitenda kwa sababu wamesikia kwamba anayekiri hupewa kifungo cha nje na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hilo linanikera kuliko yote. Kukiri kwa namna hiyo hakuna uhusiano wowote na ukweli, ni bei ya mlango kufunguliwa.

Naomba michango, hasa ya wanasheria na wazazi waliopitia haya.

---

#2 Mama wa mtendewa

Mleta mada, nimesoma yote na nakuheshimu. Mimi niko upande wa pili. Mwanangu ndiye aliyeumizwa, na aliyemuumiza walikuwa rika moja.

Msifikiri ucheleweshaji unamuumiza mshtakiwa peke yake. Kila tukiitwa mahakamani mwanangu anaanza kukosa usingizi siku tatu nne kabla. Anajiandaa kusema, tunafika, tunaambiwa shahidi mmoja hakuja, rudini mwezi ujao. Akawa ananiuliza, "Mama, kwani hawaniamini?" Mtoto hajui habari za jalada wala ratiba. Anachoelewa ni kwamba amekwenda kusema na hakuna aliyetaka kumsikia.

Na wanapokutana njiani na yule mwenzake, wote wawili hawajui wasalimiane au wakimbiane. Hakuna aliyewaambia limekwishaje, kwa sababu halijaisha.

Ila naomba mnielewe: sitaki kusikia kwamba kesi imechelewa basi ifutwe. Makosa ya mahakama nisiyalipie mimi.

---

#3 Mpelelezi mstaafu

Nitatoa upande wa waliokuwa wanaandika maelezo.

Haraka nayo huumiza. Nimeona majalada yaliyosukumwa mahakamani kwa sababu mkubwa anataka takwimu za mwezi, mtoto akatiwa hatiani kwa ushahidi wa mtu mmoja aliyemwona gizani. Ukikagua simu, ukipima vinasaba, ukitafuta shahidi aliyehama, hayo yanachukua muda wake. Makosa ya kingono ndiyo kabisa. Aliyetendewa anaweza kuzungumza baada ya miaka, wakati mtuhumiwa wa enzi hizo ameshakuwa mtu mzima. Hapo utamlaumu nani?

Na umri wenyewe. Mtoto analetwa hana cheti cha kuzaliwa, mzazi anasema 14, mwalimu anasema 16, mlalamikaji anaapa ni mtu mzima. Unaomba daktari, daktari anakupa makisio. Wiki zinakwenda kwa kubishana tu kama apelekwe mahakama ya watoto au ya kawaida.

Kwa hiyo msiseme polisi wamelala. Baadhi wamelala, kweli. Wengine wana majalada mengi kuliko mikono.

---

#4 Wakili wa vijana

Uzi mzuri. Niongeze upande wa sheria, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba kuchelewa kunaweza kubadilisha hata sheria itakayotumika.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 40, unataka shauri la mtoto liamuliwe bila kucheleweshwa. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, unaowahusu watu wote, unakataza ucheleweshaji usio na sababu. Kwa mtoto kipimo ni kikali zaidi, na Kamati ya Haki za Mtoto imelisema hilo waziwazi. Katika maoni yake ya jumla namba 24, ya 2019, kamati hiyo inasema mtoto aliyekamatwa afikishwe mbele ya mamlaka ndani ya saa 24. Akibaki mahabusu, ashtakiwe rasmi na kufikishwa mahakamani kabla ya siku 30. Na hukumu itoke ndani ya miezi 6 tangu azuiliwe, la sivyo aachiwe. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 nao, ibara ya 17, unataka shauri liamuliwe kwa haraka iwezekanavyo.

Sasa tazameni suala la siku ya kuzaliwa. Ujerumani inaangalia umri wa siku ya tendo. Ukitenda ukiwa na miaka 16 ukahukumiwa na 20, bado unahukumiwa kwa sheria ya vijana. England na Wales ni tofauti: kinachoamua kama utaanzia mahakama ya vijana ni umri wako siku ya kufika mahakamani mara ya kwanza. Jalada likikaa kituoni mpaka ufikishe 18, unapokelewa na mahakama ya watu wazima kwa jambo ulilofanya ukiwa mwanafunzi. Mwongozo wa adhabu wa huko unamtaka hakimu aanze na adhabu ambayo ungepata ukihukumiwa siku ya tendo, na hilo linasaidia, lakini aina za adhabu zilizobuniwa kwa watoto zimeshakupita, na ile kinga ya moja kwa moja ya kutotajwa jina kwenye vyombo vya habari inakoma ukitimiza 18. Vijana wawili wametenda jambo moja, siku moja. Mmoja jalada lake limepata afisa mwepesi, mwingine limepata mzito. Maisha yao yanatengana hapo, na hakuna hakimu aliyeamua iwe hivyo.

Mama wa #2, hofu yako ya kesi kufutwa ni ya kweli, na nchi zimehangaika nayo. Kanuni zilizoambatana na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001 zilikuwa kali: kesi iliyo mbele ya mahakama ya watoto isipokamilika ndani ya miezi 3 tangu mtoto ajibu shtaka, ifutwe na asishtakiwe tena kwa kosa hilo. Kanada ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2016, katika shauri la mshtakiwa aitwaye Jordan, Mahakama ya Juu iliweka ukomo wa miezi 18 kwa kesi za mahakama za chini na miezi 30 kwa mahakama za ngazi ya juu. Mwaka 2019 likafika mbele yake shauri la kijana aliyekuwa na miaka 15, kesi iliyochukua karibu miezi 19. Waliomtetea walitaka vijana wawe na ukomo wao mfupi. Majaji wakagawanyika. Baadhi walitaka miezi 15, lakini walio wengi wakasema ukomo wa 18 ubaki uleule, na ujana uzingatiwe ndani yake. Kijana akashindwa. Mimi nasimama na walioshindwa. Sheria ya nchi hiyohiyo ya haki za jinai kwa vijana inasema hatua zichukuliwe upesi kwa kuzingatia jinsi kijana anavyouona muda. Ukishakubali kwamba anauona kwa namna tofauti, huwezi kumpimia kwa saa ya mtu mzima.

Afrika Kusini ina kitu ninachokipenda zaidi kuliko kufuta kesi. Sheria yake ya Haki kwa Mtoto ya 2008 inabana ahirisho lenyewe. Kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, mtoto aliye gerezani kesi yake haiahirishwi kwa zaidi ya siku 14, aliye kwenye makao ya watoto siku 30, aliye nyumbani siku 60. Anayeumia zaidi ndiye anayerudishwa mbele ya hakimu mapema zaidi. Mtendewa hapotezi kesi yake, na jalada halipati nafasi ya kusahaulika.

Na tusisahau Kalief Browder wa New York. Alikamatwa 2010 akiwa na miaka 16, akituhumiwa kuiba begi. Familia haikuweza dhamana ya dola 3,000. Alikaa kisiwa cha Rikers, penye mahabusu ya jiji hilo, takriban miaka mitatu, muda mrefu akiwa amefungiwa peke yake, akikataa kila alipoambiwa akiri ili atoke. Kesi haikusikilizwa hata siku moja. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015, akiwa na miaka 22, alijiua nyumbani kwao. Mwaka 2017 jimbo hilo lilibadilisha sheria yake iliyowafanya vijana wa miaka 16 na 17 washtakiwe kama watu wazima.

---

#5 Karani wa zamani

Nimeshika majalada ya mahakama miaka mingi, naomba kumjibu mzee wa #3 kwa heshima.

Upelelezi wa kweli unachukua muda, hakuna anayebisha. Lakini nikifungua jalada lililokaa mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa, kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa ya wiki chache. Kinachobaki ni muda mfu. Jalada linasubiri sahihi. Taarifa ya ustawi wa jamii iliombwa kwa mdomo, barua haikuandikwa. Hati ya wito ilitoka jana ya tarehe ya kesi, shahidi yuko mbali. Mtoto hakuletwa kwa sababu gari halikuwa na mafuta. Hakimu amehamishwa, aliyekuja anataka kuanza upya.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloongeza ushahidi. Ukiondoa muda mfu peke yake, mpelelezi anabaki na nafasi yake yote ya kuchunguza, na kesi bado inaisha mapema. England waliwahi kujipangia kupunguza muda kati ya kukamatwa na kuhukumiwa kwa vijana wanaorudia makosa, kutoka wastani wa siku 142 hadi 71, na walifika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walianza kwa kupima hatua moja moja na kujua jalada limelala meza ya nani.

---

#6 Mleta mada

Ahsanteni sana. Mama wa #2, maneno ya mwanao nimeyasoma mara kadhaa. Nakubaliana nawe, na utaona kwamba njia ya kubana maahirisho inakulinda wewe pia.

Wakili, kuna pengo moja nataka lionekane. Saa nyingi ulizozitaja zinaanza kuhesabu tangu mtoto ashtakiwe au ajibu shtaka. Lakini kwa majalada niliyoyaona mimi, sehemu mbaya ni kabla ya hapo. Mtoto ameachiwa kwa dhamana ya polisi, anaripoti kituoni kila wiki, hajashtakiwa, hajaambiwa yuko huru. Shule imesikia imemsimamisha. Muda huo hauhesabiwi popote. Na ndio muda ambao angeweza kukaa na aliyemkosea, akaomba radhi, akarudisha alichochukua, mambo yakaisha nje ya mahakama. Baada ya mwaka hakuna tena anayetaka kukaa. Saa ianze siku mkono wa polisi unapomgusa mtoto.

---

#7 Mzazi

Samahani naingilia. Kijana wangu ana miaka 17, bado kidogo atimize 18. Yuko nje kwa dhamana, ameunganishwa na mtu mzima mmoja. Kila tukienda tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Hatuna wakili. Nilikuwa naona kama kuchelewa ni heri, labda watasahau. Baada ya kusoma hapa nimeogopa. Nifanye nini?

---

#8 Wakili wa vijana

Mzazi mwenzangu, usisubiri wasahau. Kila nchi ina kanuni zake, ila haya yanafaa karibu kote.

Kwanza umri. Peleka cheti cha kuzaliwa halisi pamoja na nakala, kama hakuna basi kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule, na uombe mahakama iandike umri wake kwenye mwenendo wa kesi kabla hajatimiza 18. Hakikisha umeona imeandikwa. Akishapita siku hiyo, utaanza kubishania jambo ambalo leo halina ubishi.

Pili, msinyamaze. Tarehe ijayo wakitaka kuahirisha, kijana au wewe mzazi mnyooshe mkono, mwambie hakimu kwa adabu kwamba mnapinga, na muombe sababu ya ahirisho iandikwe. Mahakama nyingi duniani zinapopima kama kesi imechelewa kupita kiasi huuliza kama mshtakiwa aliwahi kulalamika. Marekani kipimo hicho kimekuwepo tangu shauri la Barker dhidi ya Wingo la 1972: urefu wa muda, sababu, kama mshtakiwa alidai haki yake, na madhara aliyopata. Ukimya wenu unaweza kusomwa kama ridhaa.

Tatu, ombeni kesi yake itenganishwe na ya huyo mtu mzima. Sheria nyingi za watoto zinaruhusu, na hapo ndipo mwendo hubadilika.

Nne, andika daftari. Kila tarehe, nani hakuja, sababu gani ilitolewa, shule imesema nini. Kijana mwenyewe naye aandike alikuwa wapi siku ya tukio, na nani, leo hii wakati bado anakumbuka. Karatasi hiyo ya mwisho usimpe mtu yeyote isipokuwa wakili wake.

Wakili tafuteni kupitia msaada wa kisheria. Watoto wanaoshtakiwa kwa kawaida hupewa kipaumbele, na hamtakiwi kulipa. Ukishajua tarehe ijayo, niandikie kwenye ujumbe wa ndani nikuelekeze namna ya kuandika barua ya kuomba kutenganishwa.

---

#9 Mzazi

Tarehe ni wiki ijayo. Cheti kipo kwa bibi yake, naenda kukichukua kesho asubuhi. Nakuandikia sasa hivi.